Bitamu Bine

Mujukulu wangu mumoja, mwanamuke, anatumika ku dispansere moja, lopital ndogo ya Kampemba. Siku ya Mungu iliyopita aliniletea sahani ya muchele, kipande ya samaki, supu ya mayimayi mu kikombe, na majani meusi ya bahari yenye kunuka kama kisima ya zamani. Akakaa karibu yangu na telefone yake mu mukono.

"Kambo, hii njo chakula ya bantu ba Japon. Banaishi myaka mingi kupita bote. Onja."

Nikaonja. Samaki ilikuwa muzuri. Ile majani niliimeza juu ya heshima tu.

"Na sukari hapana?"

"Sukari kidogo sana, Kambo. Mafuta kidogo. Bintu bidogobidogo, bya namna mingi. Na mweye zamani mu kampo mulikula vile, sivyo? Bintu bya asili. Njo maana uko hai mpaka leo."

Nilichoka mbele ya kumujibu. Bote banakuya na ile neno, bintu bya asili, kama vile kuko dawa nilificha chini ya kitanda. Nikamuambia nitaandika vile ilikuwa, aniache kwanza nimalize samaki. Sikusoma sana, mwandiko wangu unatembea kama kuku mu matope, lakini yenye niliona niliiona. Majina ya bantu ba ile njia yetu ya kampo niko nayo yote, nyumba kwa nyumba, mpaka ya batoto benye habakufika kutembea. Sitaandika hata moja. Batoto babo na bajukulu babo banapita hapa bananisalimia.

Tata yangu alikuwa anatumika ku reli, hapa Élisabethville, wakati ya Babeleji. Tulitoka kaskazini miye nikiwa mu mugongo ya mama. Mu kampo ya batumishi ba reli balitupatia nyumba ya matofali, chumba mbili, na kila juma posho: bunga ya mahindi, maharagi, karanga, samaki ya kukauka, mafuta ya ngazi, chumvi, na nyama kidogo. Sitasema balitulisha vibaya. Ile posho ilipimwa na bamunganga, ilikuwa chakula ya kisasa, na bakubwa ba kampo balipenda kutuambia kama mutoto wa hapa anakula kupita mukubwa wa kijiji.

Kintu mama alipenda zaidi mu ile posho ilikuwa bunga. Haikuwa juu ya utamu. Ilikuwa juu bunga ilishasagwa.

Kwao ku kijiji mwanamuke anaamuka nyota zikingali juu. Anatwanga, anapepeta, analoweka, anatwanga tena, na jua ikitoka bado hajapika. Mama alianza ile kazi akiwa mutoto, na bega yake ya kuume ilikuwa chini kupita ya kushoto. Mutu akimuona kwa nyuma aliona kama amebeba kintu. Siku ya kwanza ya posho alifungua mufuko, akaingiza mukono mpaka ku kiwiko, akatoa mukono mweupe, akaanza kucheka peke yake. Bunga ya mashine ilikuwa mweupe kama chokaa, haina pumba hata moja. Kinu yenye alikuya nayo mu trein aliigeuza nyuma ya nyumba, ikakuwa kiti ya kukalia akifua nguo.

Sasa, ndugu yangu mudogo. Mbele yake mama alizaa mutoto mwingine, mwanamuke. Ule alipata ugonjwa ya kifua, akapelekwa ku lopital, mu sale ya batoto. Mama aliruhusiwa kumuangalia saa moja kwa siku. Siku moja alifika, bakamurudishia nguo ya mutoto, bamesha kuikunja muzuri. Lopital haikumuua, ugonjwa njo ilimuua, na mama alijua vile. Lakini ile mulango ya sale hakupenda tena hata kupita karibu yake. Akienda soko ya Kamalondo alizunguka njia ndefu.

Kaka huyu mudogo aliacha kunyonya mbele ya wakati, juu mama alipata mimba ingine. Alikuwa na mwaka moja na nusu. Alikuwa analia bila sauti, mudomo wazi, na hakutaka kushuka mu mugongo yangu. Miye nilikuwa na myaka kenda, niliingia masomo ya mwaka ya pili kwa bamamere, bale basista bazungu.

Kila siku ya tatu ya juma bamama ba kampo balipeleka batoto kupimisha kilo. Mamere mumoja alikuwa na balansi ya chuma yenye kikapo juu, na kila mutoto alikuwa na karte yake. Mamere alisema Swahili ya kukatakata, haraka, na ile lugha yake ya Kizungu ndani yake. Pembeni yake alikaa mama moja wa Kasai, bibi ya enfirmye wa lopital, mwenye kuandika na kufasiria bizuri. Ile siku mama huyu hakuwako, alikuwa na kilio kwabo.

Mamere akaweka kaka mu kikapo. Muchale ya balansi ikaonyesha chini kupita juma iliyopita. Akaangalia karte, akaangalia mama.

"Mama, mutoto huyu iko nakosa vitamine. Vitamine, mama. Unasikia?"

"Ndiyo, mamere."

"Utamupatia?"

"Nitamupatia, mamere."

"Kama hapana kupanda, ataingia mu sale. Miye nangojea mpaka mwezi moja."

Tulitoka. Mama alitembea mpaka ku kona mbele ya kuniuliza.

"Amesema kintu gani?"

"Bitamu bine, mama."

"Na miye nilisikia vile. Bitamu bine."

Mwenye hajakaa mu Swahili yetu nimufasirie. Kintu chenye sukari, chenye kufurahisha kinywa, tunaita kitamu. Bikikuwa mingi, bitamu. Na bine, njo ine: moja, mbili, tatu, ine. Hatukuwaza hata kidogo kama kuko neno ingine. Mamere aliagiza bintu bine bitamu, mutoto abikule, asiingie mu sale.

Kesho yake asubui ku robine ya maji bamama balikuwa bamesha kujua, na kila moja alikuwa na hesabu yake. Sukari haikuwa na mabishano. Maziwa ya mukebe, ile nzito yenye kuvutika kama gundi, nayo bote baliitika. Mukate mweupe, sawa. Vita ilikuwa ku ya ine.

"Ya ine ni konfitiri, ile ya matunda ya kupaka ku mukate."

"Konfitiri ni sukari yenye kupakwa rangi. Sukari umesha kuihesabia."

"Basi asali."

"Asali unaijua weye mwenye kutoka mu miti. Mamere ataagiza kintu ya kuiba ku nyuki?"

"Limonadi."

"Mupatie limonadi, tumbo yake ipige filimbi kama trein, bwana yako akimbie kufungua njia ya reli."

Bakacheka mpaka maji ikapita juu ya ndoo. Mama hakucheka.

"Nitaenda kumuuliza mamere," akasema.

Bibi moja muzee wa njia yetu akamushika mukono. "Mama, mwenye anarudi kuuliza njo mwenye hakusikia. Na mwenye hakusikia, mutoto wake anaandikwa mu sale palepale. Ukae."

Mwenye alikata ile maneno ni jirani yetu mwanaume, mupishi kwa patro mumoja, muzungu. Mama alimungojea ku mulango yake akirudi ku kazi.

"Tata, batoto ba patro yako banakula nini asubui?"

"Mukate. Konfitiri. Maziwa. Sukari mu maziwa."

Tulihesabia ku vidole. Bine.

"Na ni banene?"

"Banene, mama. Ule mukubwa akikaa ku kiti, kiti inaomba musamaha."

Ile ilimaliza. Hakuna mwenye alimuuliza banakula nini mukati ya siku, na ye hakusema. Nyuma ya myaka mingi, akiwa muzee, aliniambia: maini, karoti, machungwa, supu ya majani kila siku. "Mama yako aliniuliza asubui," akasema. Na ni kweli, alimuuliza asubui.

Bitamu habikuwa mu posho. Basi mama alibeba karanga, maharagi na samaki ya kukauka, akapeleka Kamalondo kwa dada yake, bibi ya fundi wa nguo, na dada yake akamubadilishia na mikebe ya maziwa, sukari, konfitiri na mukate. Alienda juma ya kwanza, akaenda juma ya pili. Nilikuwa ninabeba kitunga, ninaona bile bintu bitatu binatoka mu nyumba yetu, na niliona ni kazi muzuri.

Kaka alipenda. Mutoto gani hatapenda. Nililoweka mukate mu maziwa, nikapaka konfitiri, nikamwaga sukari, na kijiko ikikawia alipiga mukono yangu. Bunga ya mashine tulimupikia uji, nayo mweupe, nayo na sukari. Mashavu yake ikavimba, ikangaa. Bamama banapita, banamufinya shavu: "Muone patro mudogo." Siku ya tatu muchale ikapanda. Siku ya tatu ingine, ikapanda tena. Mama alinunua kitambaa ya kichwa.

Juma ya tatu yule mama wa Kasai alikuwa amerudi. Alipokea kaka mu mikono, akaona nywele yake imeanza kukuwa nyekundu kama manyasi ya kiangazi, na hakumuweka mu kikapo. Akamukalisha ku magoti yake, akakamata muguu, akaingiza kidole gumba juu ya unyayo. Akatoa kidole. Shimo ikabakia pale mu nyama, kama kidole ingali ndani.

"Mama, anakula nini huyu?"

Mama akasimama muzuri, juu alijua jibu. "Bitamu bine, mama. Kama mamere aliniagiza. Sukari, maziwa ya mukebe, mukate, konfitiri. Sikukosa hata siku moja."

Yule mama wa Kasai akageuka. Akamuambia mamere mu Kifaransa. Kisha kicheko ikamushinda, akaficha uso mu karte. Bamama benye balikaa ku banki ya mbao bakauliza, bakafasiriwa, na kicheko ikazunguka nyumba yote. Mamere peke yake hakucheka. Alivua miwani yake, akakaa.

"Mama," akasema polepole, sasa polepole, "vitamine haiko tamu. Iko mu majani. Iko mu karanga. Iko mu ngozi ya mahindi. Huyu anataka maharagi, anataka samaki. Posho yako iko wapi?"

Yule wa Kasai aliacha kucheka mbio, kama mutu mwenye amejigonga. "Ile yenye mashine inatupa, dada," akasema, "njo ile mutoto anataka."

Mamere alishika kalamu kumuandika mu sale. Mama akasema neno moja tu: "Hapana." Hakulia, hakupiga magoti. Alisema tu hapana, na mikono yake ilikuwa mu kikapo ya balansi kama vile ye njo angepimwa. Yule mama wa Kasai akaongea na mamere kwa murefu. Mamere akarudisha kalamu. Juma mbili. Kama hakuna mabadiliko, sale, bila maneno.

Wakati ile mama alikuwa na mimba ya miezi sita.

Jioni tata aliomba ku magazini ya posho bamupe sehemu ya posho mu mahindi mazima. Balishangala, bakamupatia. Asubui mama aligeuza kinu, akatoa matope yenye ilishika ndani, akaosha. Nilisikia mushindo wa kwanza nikiwa mu kitanda, na nilijua tu juu ya ule mushindo kama mambo yetu imebadilika. Hakuna nyumba ingine ya njia yetu yenye ilikuwa inatwanga.

"Mama," jirani akamuitia ku dirisha, "unarudi ku kijiji bila kukata tikiti?"

"Ninarudi," mama akajibu, akiendelea.

"Ulale kidogo, dada. Bunga iko mu mufuko."

"Lala weye kwa niaba yangu."

Ile bunga ilikuwa mweusimweusi, nzito, inakwaruza koo. Ilihitaji kutwangwa kila asubui, juu ikikaa siku ine inaanza kunuka. Nyuma ya kutwanga, karanga za kusaga ku jiwe. Nyuma ya karanga, majani ya lengalenga na matembele ya kutafuta kandokando ya reli na mu mifereji, kuchambua, kuosha muchanga, kupika, kuponda ndani ya karanga. Samaki ya kukauka ya kutoa mifupa moja moja, juu ya mutoto. Bintu bidogobidogo, bya namna mingi. Kaka alitema. Alitaka sukari, alipiga bakuli, na mama alimulisha na kidole, akitema anarudisha, saa mbili kwa bakuli moja. Kisha tata anarudi, naye anataka bukari yake, ule ugali.

Siku ya tatu ya juma ilifika. Yule wa Kasai akaweka kaka mu kikapo, na muchale ikashuka. Ilishuka sana, kupita siku ile ya kwanza. Niliona mama anashika ukuta. Aliangalia mulango, na nikafahamu anapima kama atafika inje na mutoto mbele bamushike.

"Ngojea," yule mama akasema. Akaingiza kidole juu ya unyayo, akatoa. Nyama ikarudi. Polepole, lakini ikarudi. "Ni maji ilitoka, mama. Mbele tulikuwa tunapima maji."

Mamere akainama, akafanya na kidole yake. Akatikisa kichwa ndiyo. Akaandika kintu ku karte, akasema: juma moja tena.

Nilikuwa ninaandika hapa mujukulu alipokuya nyuma yangu, akasoma juu ya bega. Akasema hata kule Japon, zamani, bantu ba mu miji balipoanza kukula muchele mweupe wenye kutolewa ngozi, miguu yabo ilivimba. Haikuwa ugonjwa hii ya kaka, ni ingine, lakini miguu ilivimba.

"Na leo," nikamuuliza, "kweli banakula hivi kila siku?"

Akasukumasukuma telefone. "Hapa banasema bakijana bengi sasa banakula mukate, na chakula ya kupikwa tayari mu maduka. Na chumvi iko mingi mu supu yabo."

"Nani anakata ile bintu bidogobidogo, kila asubui?"

"Haiko imeandikwa, Kambo. Bamama, nazania."

Yeye ni mwenye masomo, na haiko mubaya. Lakini nimeishi kusikia bazungu banasifu chakula ya mashine, na sasa bajukulu banasifu ile ya kinu, na hakuna hata moja mwenye aliuliza bega ya mama. Na kijijini kwetu, kwenye bantu balitwanga tangu zamani, batoto balikufa pia. Hakukuwa balansi ya kubahesabia, njo maana leo banasema habakukufa. Ile bunga mweusi ilikuwa dawa, nakubali. Lakini haikuanguka toka juu. Kila bakuli ya afya ilitoka mu mutu fulani, na mutu huyo alibakia na kidogo.

Juma yenye ilifuata tulienda tena. Ilikuwa fula, mvua ya nguvu, banki ilijaa, mama alikaa ku mwisho na kichwa ku ukuta. Balipotuita hakusikia. Nilimutikisa, hakusikia. Nikapeleka kaka miye mwenyewe. Muchale ikapanda, na shimo haikuingia mu muguu. Yule mama wa Kasai akanionyesha karte: "Ona, amepanda. Umuambie mama yako." Nikageuka. Mama alikuwa amelala kinywa wazi, mikono juu ya mimba, mikono yenye malengelenge ingine imepasuka na ingine inatoka mupya, na bamama bengine balikuwa bamesogea ili asianguke. Mamere alifika, akamuangalia, akasema kwa sauti ya chini tumuache.

Alipoamuka nikamuambia kaka hataingia mu sale. Akauliza, "Kweli?" Nikasema kweli. Akasema muzuri. Tukatembea mpaka ku nyumba mu fula, na ku mulango akaweka mukono ku kichwa yangu.

"Kesho hautaenda ku masomo. Utanisaidia mpaka nizae."

Alizaa. Kisha kulikuwa mutoto wa kunyonya, na kaka alikuwa angali anahitaji ile uji, na mama hakupona haraka. Nilimaliza mwaka moja na nusu ya masomo, na ile nusu njo yenye ninaandikia sasa. Sikumulaumu. Mutu moja wa ile nyumba alipaswa kukamata ule mutwangio wa kinu, na miye njo nilikuwa na mabega.

Asubui ile ya kwanza nilitwanga mpaka vidole ikakataa kufunguka. Batoto ba masomo balipita mu njia na ubao zabo, moja akaniita, sikuitika juu ningepoteza mushindo. Nilipika uji, nikaiponda na karanga, nikakalisha kaka ku magoti. Akaonja, akatema ku nguo yangu. Nikapangusa, nikarudisha kidole mu bakuli, nikamupatia tena. Akatema. Nikamupatia tena. Jua ilikuwa juu ya nyumba wakati bakuli ilimalizika, na majani yalikuwa bado kuchumwa.